Kuzunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli: Mwanza hadi Nansio, kurudi kwa meli

Ghuba ya Speke ni ule mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia nchi kavu mashariki ya jiji la Mwanza. Barabara kuu inaufuata upande wa kusini kupitia Kisesa, Magu na Lamadi, inapinda kaskazini hadi Bunda, na kutoka Bunda tawi lake linarudi magharibi hadi Kisorya. Hapo unavuka kwa kivuko kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe, unamalizia Nansio na kupanda meli ya kurudi Mwanza. Kwa pedali ni kama kilomita 260, sehemu kubwa lami, na hakuna mpando mrefu wa kukushusha kwenye baiskeli.

Wengi wanaotaka safari ya kwanza ya siku kadhaa hufikiria Bukoba, hasa tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Bukoba ni safari nzuri, lakini kati ya Biharamulo na Muleba kuna misitu na umbali mrefu usio na duka, na mvua za Kagera hazisubiri msimu. Anza na ghuba. Mji hauko mbali na mji, mafundi wapo, na mwisho wa njia unakurudisha ulikotoka bila kuomba nafasi kwenye buti la basi.

Uelekeo na msimu

Swali la kwanza ni uanze na barabara au uanze na meli. Anza na barabara. Asubuhi upepo bado umelala au unavuma polepole kutoka nchi kavu. Kuanzia saa 5 hivi, ardhi ikishapata joto, upepo unageuka na kutoka ziwani. Ukienda mashariki kutoka Mwanza haukusumbui sana. Kati ya Lamadi na Bunda unakupiga ubavu wa kushoto. Kipande kimoja tu, Bunda hadi Kisorya, unauelekea uso kwa uso mchana kutwa, na dawa yake ni kuondoka alfajiri. Ukigeuza njia utapata upepo wa kukusukuma siku hiyo moja, lakini utalipia siku ya mwisho: utaingia Igoma, Buzuruga na Mabatini jioni, umechoka, katikati ya daladala zinazogombea abiria. Ni afadhali kupambana na upepo.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, uiache kabisa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana, ila radi za ziwani zina tabia yake: mawingu hukusanyika usiku juu ya maji na mvua huweza kushuka alfajiri, saa ile ile unayotaka kuondoka. Radi ikianza kupiga usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingia dukani, shuleni, kwenye kibanda chochote cha watu, na usubiri. Tatizo jingine la mvua ni udongo mweusi wa mbuga pembeni ya barabara, hasa pande za Magu. Ukishuka kwenye lami mita mbili tu, udongo unashika tairi, unajaa chini ya madigadi na gurudumu linasimama. Ukijaa, usilazimishe kusukuma. Toa kwa kijiti, vinginevyo unakunja madigadi au kung'oa vyuma vinavyoyashikilia.

Baiskeli gani

Baiskeli inayofaa njia hii ni ile ambayo fundi anayekaa chini ya mwembe Nyashimo, mji mdogo wa njiani, anaweza kuifungua bila kukuuliza uliinunua wapi. Hiyo ni hoja kubwa kuliko wepesi wake au idadi ya gia.

Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya inchi 26 ya baiskeli za gia, mara nyingi 26 × 1.95 au 26 × 2.0, ina namba 559, yaani kipenyo kwa milimita. Ya baiskeli ndefu za mizigo, zile watu wanazoita Phoenix hata kama si Phoenix, ni 28 × 1½ na ina namba 635. Ya tatu ni 700C, ambayo kwenye tairi pana huandikwa 29, na namba yake ni 622. Mbili za kwanza unazipata hadi kwenye magulio. Ya tatu inapatikana Mwanza mjini, na ukitoka hapo usiitegemee. Muuzaji akikuambia kwamba 28 × 1½ na 700C "zote ni ishirini na nane", usimsikilize: kipenyo kinatofautiana kwa milimita 13, na tairi ya moja haikai kwenye ringi ya nyingine. Tyubu ndiyo haina ubishi kama tairi. Ya 28 inaweza kukufikisha mjini ndani ya tairi ya 700C. Kwa hiyo mwenye 700C abebe tairi nzima ya akiba, ikunjwe na kufungwa juu ya keria. Mwenye 26 abebe tyubu mbili tu.

Valvu nayo ina maana. Ile nene, sawa na ya pikipiki, inajazwa na pampu yoyote ya bodaboda. Ile ya zamani yenye kampira kembamba ndani inatengenezeka kijiji chochote. Ile nyembamba na ndefu inayokuja na baiskeli za mtumba inahitaji kichwa cha kubadilishia. Nunua viwili Mwanza kabla ya kuondoka, kimoja kikae kwenye valvu yenyewe, kwa sababu kitu kidogo kama punje ya hindi hakikai mfukoni siku nne.

Je, baiskeli ya mizigo isiyo na gia inafaa? Inafaa, na nusu ya watu utakaopishana nao wanabebea mkaa na madumu juu yake. Hesabu meno. Wengi wana meno 44 mbele na 18 nyuma, ambayo ni mazito kwa mtu mwenye mzigo akipingana na upepo. Badilisha friwili ya nyuma iwe ya meno 20 au 22. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi, na huenda ukahitaji kuongeza pingili za cheni. Kagua pia kotapini za krenki, zile pini zinazoshika mikono ya pedali. Ukisikia "tak" kila pedali inapozunguka, kotapini imelika. Ukiiacha, inalegea zaidi na kula tundu la krenki, na hapo kiraka hakipo, ni kununua krenki mpya. Breki za vyuma kwenye ringi za chuma zikilowa hushika kwa shida sana, kwa hiyo kwenye mvua anza kufunga breki mapema mara mbili ya kawaida.

Gurudumu la nyuma, kabla ya kitu kingine chochote

Kama una saa moja tu ya matengenezo, itumie yote hapa. Mzigo wote wa keria na zaidi ya nusu ya uzito wako unakaa juu ya gurudumu la nyuma, na karibu kila safari inayokatishwa na baiskeli inakatishwa na spoku za nyuma.

Geuza baiskeli juu chini. Bana spoku mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Zile za upande mmoja zinatakiwa ziwe na ukaza unaofanana. Kisha zigonge kwa spana: iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa. Watu hudhani spoku hukatika kwa kukazwa mno. Kinyume chake ndicho cha kawaida. Iliyolegea inapinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachokunjwa mara maelfu kinachoka na kukatika, mara nyingi kwenye kiwiko, pale inapoingia katika kitovu cha gurudumu. Ndiyo maana spoku mpya moja kwenye gurudumu lililolegea haisaidii. Wiki ijayo inakatika jirani yake.

Zungusha gurudumu na utazame ringi inavyopita karibu na raba ya breki. Mtikisiko wa milimita moja si kitu. Ukifika milimita 3, nyoosha. Ringi ikienda kulia, kaza spoku za upande wa kushoto mahali hapo, robo mzunguko kwa mara moja, na ulegeze za kulia kiasi hicho hicho. Usikaze moja kwa mzunguko mzima kwa haraka. Utaondoa kasoro hapa na kuizalisha kule. Baada ya kunyoosha, endesha kilomita 20 ukiwa na mzigo, kisha kagua tena.

Beba spoku nne za akiba, na uhakikishe urefu. Nyuma kwenye baiskeli ya gia, spoku za upande wa cheni huwa fupi kidogo kuliko za kushoto, kwa hiyo beba mbili za kila upande. Zifunge kwa utepe kwenye fremu chini ya siti. Zikikatika za kushoto unabadilisha mwenyewe. Za upande wa cheni ndizo zenye kazi, kwa sababu huwezi kuingiza mpya bila kufungua gia za nyuma, na kifaa cha kufungulia aina yako ya gia fundi wa kijijini anaweza asiwe nacho. Kinunue Mwanza; ni kidogo, fundi yeyote mwenye spana kubwa atakitumia.

Spoku ikikatika njiani na huna namna, izungushe kwenye jirani yake ili isipige fremu, legeza kwa nusu mzunguko zile mbili za jirani zinazovuta upande wa pili, fungua breki ya nyuma kidogo ringi ipite, hamishia mzigo mzito mbele, na uende polepole hadi mji unaofuata. Ikikatika ya pili, pakia kwenye gari.

Kabla ya kumaliza na baiskeli, pima cheni. Chukua rula, pima kutoka katikati ya pini moja: pini ya 24 baada ya hiyo inatakiwa iwe kwenye milimita 305 hivi. Ikiwa 307 au zaidi, cheni imerefuka na imeanza kula meno. Badilisha sasa, si baada ya safari. Gololi za magurudumu yote mawili zifunguliwe, zioshwe na kutiwa grisi mpya kama hujui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mzigo na keria

Keria nyepesi za kubana kwenye nguzo ya siti ni za kubebea daftari. Zikipata kilo 10 na rasta chache za barabarani, vile vituta vidogo vya mfululizo, zinashuka na kukaa juu ya tairi. Tafuta inayofungwa kwa bolti karibu na ekseli pande zote mbili, au mpe fundi wa kuchomelea akutengenezee ya chuma. Uzito wake utaongezeka kama kilo moja na nusu, na haidhuru. Tumia nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtetemo, na kila asubuhi zikague kwa vidole. Bolti moja ikidondoka, miguu iliyobaki inapinda siku hiyo hiyo.

Mzigo usizidi kilo 15, ukiacha maji. Nguo seti mbili, koti la mvua, kandambili, shuka au neti nyepesi, vifaa, dawa, chakula cha nusu siku: hata kilo 12 hufiki. Njia hii haina haja ya hema. Gesti zipo Magu, Lamadi, Bunda, Kibara (kati ya Bunda na Kisorya) na Nansio. Na kulala pwani ya ziwa ni wazo baya kwa sababu nyingine: viboko hutoka majini usiku kula majani, na hawapishi njia.

Vizito vikae chini, karibu na ekseli, kulia na kushoto sawa. Fundi cherehani anaweza kushona mifuko miwili ya turubai ya kuning'inia. Ndani yake weka kila kitu kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye mfuko wa salfeti. Hakikisha kisigino hakigusi mfuko pedali inapozunguka. Kufungia, hakuna kinachoshinda utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, ila kila ncha iingizwe ndani. Ncha inayoning'inia ikidakwa na spoku, itavuta mfuko ndani ya gurudumu kabla hujajua kilichotokea. Begi la mgongoni liache nyumbani: linakutoa jasho, na uzito wake wote unashuka kwenye makalio na mikono.

Pancha

Pancha nyingi za barabara kuu hazitoki kwenye miiba. Zinatoka kwenye vinyaya vya chuma vya tairi za malori zilizopasuka, vilivyotawanyika pembeni mwa lami, vyembamba kama sindano. Kinyaya kinapenya, upepo unatoka polepole, unaziba tyubu, unarudisha, na baada ya kilomita mbili pancha tena pale pale kwa sababu kinyaya bado kimo. Kwa hiyo kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa chepesi ndani ya tairi nzima. Kikinasa, hapo ndipo. Kitoe kwa kibanio cha nyusi. Miiba ya migunga utaipata ukiegesha baiskeli chini ya mti, si barabarani.

Ukikuta matundu mawili sambamba kwenye tyubu, hiyo si miiba wala nyaya. Ni upepo mdogo. Tairi imebonyezwa hadi ringi ikabana tyubu. Kwa tairi ya 26 × 1.95 na mzigo wa kilo 15, weka psi 50 (kipimo cha upepo kwenye pampu) nyuma na 40 hadi 45 mbele.

Kiraka kikibanduka, kosa karibu kila mara ni haraka. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi mng'ao uishe, paka solusheni kwa wembamba, subiri dakika tano hadi isinate kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Beba tyubu mbili za solusheni ambazo hazijafunguliwa. Iliyokwisha kufunguliwa hukauka ndani ya wiki chache hata ukiifunga vizuri.

Mkoba wa vifaa basi uwe na: pampu, viraka, msasa, solusheni, vijiti vitatu vya kutolea tairi, spana za bolti zako (jaribu kila moja nyumbani), ufunguo wa spoku, kifaa cha kukatia cheni na pingili mbili, waya mmoja wa breki wa nyuma ambao unaweza kukatwa ukawa wa mbele, raba za breki, chupa ndogo ya oili, bolti na nati za keria, na nusu mita ya waya laini wa kufungia.

Mwili, maji na chakula

Siti ipande hadi kisigino chako kikikaa kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Ukikanyaga kwa kidole kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjwa kidogo. Maumivu mbele ya goti yanaonyesha siti iko chini. Nyuma ya goti, iko juu. Kwa michubuko, paka mafuta ya mgando kabla hujaanza, usisubiri paanze kuwaka, na usivae chupi yenye mshono mnene katikati.

Beba uwezo wa lita 4 za maji na unywe kati ya nusu lita na robo tatu kwa saa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kwa anayetoka jasho sana au kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pima kwa kusawazisha kijiko. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywa, na usioge wala kusimama ndani yake pwani penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu kichocho kipo pande zote za ziwa na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila kukuuma. Ukioga kwenye ndoo ya gesti unapoteza picha nzuri tu. Malaria nayo ipo. Neti haina mbadala.

Chakula cha njiani cha Usukumani kiligunduliwa zamani kuliko vyakula vya madukani vya wanamichezo. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, haviharibiki, havisagiki mfukoni na vinatoa nguvu polepole. Matobolwa unatafuna ukiwa juu ya siti. Ongeza karanga na ndizi mbivu. Kula kidogo kila saa, kabla ya njaa. Chakula kizito, ugali na sato au dagaa, kiache hadi ufike. Ukikila saa 6 mchana na kurudi barabarani, utajuta hadi saa 9.

Siku kwa siku

Mwanza hadi Lamadi ni kama kilomita 120. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni saa 8 za kukanyaga, bila mapumziko. Aliyezoea atamaliza kwa siku moja. Asiyezoea alale Magu, karibu nusu ya njia, na asione haya. Jaribio la haki ni hili: jumamosi mbili kabla ya safari, nenda Nyanguge na kurudi na mzigo kamili, kama kilomita 70. Ukiamka jumapili unaweza kukaa, uko tayari.

Jua la Mwanza huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi au baadaye kidogo. Ondoka dakika 20 kabla, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma na kizibao cha kuakisi mwanga. Lengo ni kuwa umevuka Igoma kabla foleni haijajaa. Kanuni ya kipande hiki: daladala ikiwa mbele yako kushoto inapunguza mwendo, usipite kati yake na kituo. Konda anafungua mlango huku gari likitembea. Subiri nyuma, au pita kulia baada ya kugeuka na kutazama.

Kisesa kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, nje kidogo ya barabara kuu. Nyakati za kutosha za kuyatazama huna siku hiyo ukiwa unakwenda Lamadi. Waliolala Magu wanazo. Baada ya Nyanguge barabara inanyooka, na hapo ndipo mabasi ya Musoma na Sirari yanapokimbia. Honi fupi kutoka nyuma ni salamu, "napita". Honi ndefu isiyoisha inamaanisha toka. Hatari kubwa zaidi ni basi linalotoka mbele na kulipita lori, likija kwenye upande wako. Ukiona taa zinawashwa na kuzimwa mbele, shuka pembeni bila kujadili. Kabla ya vijiji utakutana na rasta na matuta. Kwenye rasta inuka kwenye siti na uache magoti yapokee mtikisiko, la sivyo spoku ndizo zitakazoupokea.

Ukitaka msaada kijijini, salamu kwanza. Kwa wazee, shikamoo inatosha; asubuhi ukisema "mwangaluka" utajibiwa kwa tabasamu na fundi ataacha alichokuwa anafanya.

Baada ya Magu unapita Nyashimo, ziwa likijitokeza mara kwa mara kushoto. Asubuhi unaweza kuona kitu kama moshi mweusi ukinyanyuka juu ya maji. Ni vijidudu vya ziwani, mamilioni, na vikielekea barabarani utahitaji miwani na kufunga mdomo. Lamadi ni njia panda ya Bariadi, mji wa biashara wenye gesti nyingi na chakula hadi usiku.

Lamadi hadi Bunda ni kama kilomita 40 tu. Barabara inapakana na Hifadhi ya Serengeti na kupita lango la Ndabaka. Usijaribu kuingia hifadhini kwa baiskeli. Pita kipande hiki kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, usikipite alfajiri gizani wala baada ya saa 11 jioni, kwa sababu wanyama hawasomi mipaka na tembo hutoka hadi mashambani. Nyani wakiwa barabarani usisimame kula. Watakufuata kwa ajili ya mfuko wa ndizi, na ukiwafukuza mmoja mmoja utashindwa.

Bunda kagua kila kitu. Ndiyo sehemu ya mwisho yenye maduka ya vipuri ya kutosha, benki na hospitali kubwa. Toa fedha taslimu za noti ndogo; vivuko na mama lishe hawana chenji ya elfu kumi asubuhi. Mwenye nguvu anaweza kuunganisha Lamadi hadi Kibara siku moja, lakini usilifanye hilo kama upepo umeanza mapema.

Bunda hadi Kisorya hesabu kilomita 80 hadi 90. Ondoka mapema iwezekanavyo ili uwe umefika Kibara kabla ya upepo. Ukishakukuta, usipigane na gia kubwa: shuka gia mbili, inamisha kifua, na ukubali kilomita 11 kwa saa. Mkiwa wawili au zaidi, pangeni mstari, nusu mita kutoka gurudumu hadi gurudumu, na aliye mbele abadilishwe kila dakika tano. Wa nyuma anaokoa nguvu nyingi, ila asiweke gurudumu lake kando ya la mwenzake. Yakigusana, wa nyuma ndiye anayeanguka.

Kivuko, kisiwa na meli

Ulizia saa ya kivuko cha mwisho ukiwa bado Kibara, na upange kufika Kisorya kabla ya saa 10 jioni. Ukikosa, lala upande huo huo. Usikubali mtumbwi wa injini jioni kwa haraka ya kufika. Mawimbi ya mchana kwenye mlango wa ziwa si ya kuchezea, na baiskeli haifungwi vizuri ndani ya mtumbwi. Kwenye kivuko chochote tazama watu na mzigo kabla ya kupanda. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 200 wakafa. Kikionekana kimejaa, subiri kinachofuata, na ukipanda ujue maboya yako wapi.

Kutoka Rugezi hadi Nansio ni mwendo mfupi. Mahali penye vumbi na mchanga punguza upepo wa tairi kwa psi 5 hadi 10, shika usukani bila kuukaza, na usifunge breki ya mbele kwenye mchanga. Ukiwa na siku ya ziada, itumie kisiwani bila mzigo: njia za Ukerewe kati ya mawe makubwa na mashamba ya mihogo ni bora kuliko kilomita nyingine yoyote ya mzunguko huu.

Tiketi ya meli ya Mwanza iulizie bandarini Nansio mara tu unapofika, kwani ratiba hubadilika meli inapokwenda matengenezo. Safari huchukua saa tatu au zaidi kidogo. Baiskeli inalipiwa kama mzigo. Dai risiti na uandike jina lako kwenye kipande cha karatasi ukakifunge kwenye fremu. Toa mifuko, taa na pampu ukae navyo. Kama inalazwa, ilaze upande usio na gia, cheni ikiwa juu, na ifunge kwenye nguzo kwa ule utepe wa tyubu. Gunia la machungwa likiegemea upande wa gia linapinda mkono wa nyuma unaohamisha cheni, na utagundua Mwanza cheni inapoingia kwenye spoku. Meli isipokuwepo, rudi kwa kivuko hadi Kisorya, tafuta gari hadi Bunda na basi kutoka hapo. Geuza usukani usambamba na fremu, toa pedali (ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ya kulia), na simamia mwenyewe upakiaji wake.